Mbwa wa Mstari wa Tatu

Mtaani kwetu, hapa Newala, vitu viwili tu vilikuwa haviendi popote: mimi na mizabibu ya Bwana Shamba. Mizabibu ilikuwa na udhuru, kwa sababu ina mizizi. Mimi nina cherehani, ambayo watu wawili wanaibeba bila kutoka jasho, kwa hiyo sina la kujitetea. Masasi nimefika mara tano katika maisha yangu, na nne kati ya hizo nilikuwa nimerudi nyumbani kabla chai ya jioni haijapoa. Hiyo ya tano nitaifikia.

Bwana Shamba mwenyewe alikuwa ameshastaafu kazi hiyo siku nyingi, lakini cheo kilikuwa kimemganda kama utomvu wa korosho. Hata mkewe, enzi za uhai wake, alikuwa akiita, "Bwana Shamba, uji tayari." Alifanya kazi Dodoma, na aliporudi alishuka kwenye basi akiwa amekumbatia gunia lililolowana maji. Watu walidhani kaleta samaki. Kumbe ni vipando vya zabibu.

"Zabibu, Newala?" watu walicheka. Hii ni nchi ya korosho. Mtu akikuuliza habari za nyumbani anakusudia habari za mikorosho. Yeye akapanda mistari saba nyuma ya ua wa minyaa, mkabala na baraza yangu, na kila mkorosho wake ulipopulizwa salfa asubuhi na umande, ile iliyobaki aliinyunyizia mizabibu. Alisema ugonjwa ni uleule, ubwiri unga, haubagui mgeni na mwenyeji. Mwaka wa pili zabibu zikatoka, ndogo, kali, zenye mbegu kubwa. Ndege walikula nusu. Nusu nyingine aliwapelekea wajawazito, akakataa kushukuriwa. Ukimwambia asante alikuwa anakunja uso kama umemkanyaga.

Nilimfahamu kwa kola zake. Alikuwa na mashati matatu ya kaki, na kola ikichakaa upande mmoja aliniletea niigeuze, upande mzima ukae juu. Ikichakaa tena, niigeuze tena, jambo ambalo kiufundi haliwezekani na mara mbili nimelifanya. Nikimkabidhi shati hakulitazama. Alikuwa anapitisha kidole gumba chini ya kola, polepole, akifuata mshono tangu mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayesoma.

"Jani lina pande mbili, Fundi," alikuwa akiniambia. "Upande wa juu ni wa wageni. Ugonjwa unaanzia chini."

Maneno hayo aliwaambia wakulima kwa miaka yote ya utumishi wake, na alipokosa wakulima akaniambia mimi. Niliyasikia mara nyingi kiasi kwamba mke wangu, Mama Shamimu, alipokuwa akikagua masufuria niliyoosha, anayageuza na kusema, "Upande wa juu ni wa wageni, Baba Shamimu," kisha ananirudishia nioshe upya.

Sasa mbwa.

Wengine wanafuga mbwa kwa ajili ya wezi, wengine kwa ajili ya ngedere na nguruwe pori. Yeye alifuga mbwa waliotupwa. Wawindaji wa huku wakiona mbwa ameumia hawamuui wala hawamtibu, wanasahau kumwita tu wakati wa kurudi. Watumishi wanaohamishwa wanapakia makochi na majiko, mbwa anabaki mlangoni anangoja. Msimu wa korosho ukiisha na maghala yakafungwa, mbwa wa walinzi wanabaki wanazunguka ukuta. Bwana Shamba alikuwa anawapata hao, mmoja mmoja, na kila mmoja alimwingiza shambani kwa njia ileile, bila kuruka hatua.

Siku ya kwanza anamfunga kwenye nguzo ya mstari wa tatu. Kwa nini wa tatu? Nilimuuliza. Alisema mstari wa kwanza uko karibu na njia, watu watamkodolea macho. Wa saba uko mbali, atadhani katupwa tena. Wa tatu anasikia sauti za nyumbani bila kuonekana. Anamtandikia shati kuukuu ambalo hata mimi lilikuwa limenishinda. Anaweka sahani ya ugali na dagaa, anaondoka. Kisha anarudi na kigoda, anakaa na kumpa mbwa mgongo. Anachambua kunde, anapogoa, anasinzia. Hamwiti. Hata mbwa alie vipi, hamwiti.

"Ukimwita kabla hajaamua," alisema, "atakuja mwili tu. Roho itabaki kule alikotoka."

Mbwa akisogea mwenyewe, akamgusa mgongo kwa pua, kamba inafunguliwa. Hapo ndipo wanaanza kuzunguka mipaka kila asubuhi, akimfundisha asiogope mngurumo wa mashine ya salfa, asifukuze kuku wa jirani, na asifukue mashina ya mizabibu. Hilo la mwisho ndilo lilikuwa gumu kuliko yote. Alikuwa amezika vyungu vilivyopasuka kwenye kila shina ili maji yavuje taratibu, na mbwa, joto likizidi, wanajua udongo wa baridi uko wapi. Ukiona mzabibu umelala na chini yake kuna shimo lenye mkia, ujue kuna mwanafunzi mpya.

Jina alikuwa halitoi mpaka mbwa ale bila kutazama nyuma. Na majina yenyewe, kama ilivyo desturi yetu, yalikuwa yamelengwa kwa binadamu. Wa kwanza aliitwa Mtasema. Wa pili, jike aliyeachwa na mwalimu aliyehamishwa, aliitwa Siulizi. Wa tatu alikuwa na miguu mitatu, mmoja ulibaki kwenye mtego wa mwindaji, huyo alimwita Tutafika. Wa nne, wa rangi ya vumbi, alikaa miezi mitano bila jina. Alikuwa anakula tonge moja, anageuka. Tonge moja, anageuka.

Mtasema alipewa jina lile kwa sababu ya maji. Msomaji wa huku sina haja ya kumweleza. Wa mbali ajue kwamba uwanda wetu uko juu na maji yako chini. Kiangazi kikikaza, wanawake wanateremka bondeni na ndoo, wanapanda nazo kichwani. Bwana Shamba alikuwa na kisima cha kuvunia maji ya bati, kirefu, chenye mfuniko na kufuli. Kila jioni alipima lita za mizabibu na lita za mbwa, mbele ya watu wanaopita na ndoo.

"Mbwa wa Bwana Shamba wanakunywa maji ya mvua," alisema Mama Zuhura, jirani yetu wa chini, kwa sauti ya kuvuka ua. "Sisi tunakunywa foleni!"

"Shikamoo, Bwana Shamba," mwenzake akadakia, "na mimi nikibweka nitapata dumu moja?"

"Marahaba, mwanangu. Bweka kwanza nikusikie."

Walicheka, lakini kicheko chao hakikuonyesha meno ya juu. Wala sitasema alikuwa na haki. Mtu aliyewahi kuwafundisha watu kugawana mbegu alikuwa anafunga maji kwa kufuli. Alikuwa anajua jina la kila mbwa na hakujua majina ya wajukuu wa Mama Zuhura. Wakulima aliwahimiza wakate mikorosho mizee isiyozaa, wasiionee huruma, na yeye mwenyewe alikuwa na mistari saba ya huruma tupu. Alizungumza na watu kwa Kiswahili, na mbwa kwa Kimakonde, akisema Kiswahili ni lugha ya mikutano. Nilimwonea wivu yule mbwa wa miguu mitatu, nakiri. Miaka kumi na moja ya ujirani, na mimi alinisemesha kwa lugha ya mikutano.

Ndipo macho yake yakaingia mtoto wa jicho. Alianza kuusalimia mkorosho akidhani ni mtu. Binti yake anayeishi Masasi akampangia kwenda kupasuliwa, kwanza jicho moja, akae kule wiki mbili. Wakati huohuo gari la matangazo lilipita mtaani: kumetokea kichaa cha mbwa upande wa Chiwata, kila mwenye mbwa ampeleke uwanja wa mnada Jumamosi akachanjwe bure, atavishwa mkanda mwekundu, mbwa atakayekutwa anazurura bila mkanda atauawa.

Asubuhi ya safari Bwana Shamba alikuja barazani kwangu. Hakukaa.

"Fundi, nakuachia wanne. Chakula asubuhi na jioni. Jumamosi uwapeleke. Wanakujua, hawatakusumbua."

"Nenda salama, mzee wangu. Hilo limekwisha."

"Halijaisha. Ni Jumamosi."

Jumamosi ilifika, kwa bahati mbaya. Kutoka kwangu hadi uwanja wa mnada ni mwendo wa nusu saa. Njiani kuna msikiti ninaoswalia, kuna kijiwe cha kahawa, kuna duka la wateja wangu wa kanzu. Nilisimama na kamba nne mkononi nikapanga sababu zangu kama vitambaa. Kwamba watu wataniuliza tangu lini nimekuwa mchunga mbwa. Kwamba mate ya mbwa yakigusa kanzu ya mtu nitafua mara saba na bado mteja hatarudi. Kwamba mbwa wenyewe ni wazima. Kwamba jua kali. Ukweli ni kwamba sipendi kutoka, na nilikuwa naona haya. Sababu nyingine zote zilikuwa pindo.

Nikakaa kwenye cherehani. Nilikuwa na mabaki ya kitambaa chekundu cha sketi za chekechea. Nikapima shingo nne kwa futi yangu, nikakata mikanda minne, nikaishona pande mbili, nikaikunja pindo kwa ndani ili isiwakwaruze. Hebu fikiria. Uongo wenye pindo! Ile ya serikali niliyoiona kwa mbwa wa watu baadaye ilikuwa vipande vya nailoni vilivyokatwa ovyo. Yangu ilikuwa mizuri zaidi, na nilijisikia vizuri kwa hilo, Mungu anisamehe.

Mama Shamimu alisimama mlangoni akanitazama nikiwavisha.

"Baba Shamimu, hiyo ndiyo sindano?"

"Ndiyo sindano pekee ninayoijua," nikamjibu, nikacheka peke yangu.

Jioni simu ikalia. "Vipi, wamechanjwa?"

"Wana mikanda yao shingoni, mzee."

"Walilia?"

"Hapana."

"Wa nne je?"

"Wala."

Alirudi baada ya wiki mbili na bandeji kwenye jicho, binti yake amemshika mkono. Mbwa walimrukia mpaka akakaa chini. Nikiwa barazani nilimwona akimpapasa kila mmoja kichwa, masikio, shingo. Nilipiga pedali kwa bidii sana siku ile. Nilishona mikono ya shati upande usio wake, nikafumua.

Tangu siku hiyo akawa na tabia mpya. Kila alasiri alikuwa anakuja barazani kwangu na kigoda chake, anakaa akitazama njia, amenipa mgongo. Hakuleta kola. Hakuzungumza sana. Aliuliza hali ya watoto, akachambua kunde. Nilidhani ni upweke, nilidhani ni jicho. Nilimwagizia chai. Mara mbili nilifungua mdomo nimwambie, na mara mbili nikasema, "Sukari inatosha, mzee?"

Wiki ya tatu ya hali hiyo, asubuhi na ukungu, mbwa asiyejulikana alipanda kutoka njia ya bondeni, mate yanamning'inia, akapenya ua wa minyaa. Tulisikia vita tu. Mtasema na wenzake walimzuia asifike kwenye njia ambako wanawake walikuwa wanapita na ndoo, walimng'ang'ania mpaka wanaume wakaja na mapanga. Mama Zuhura alikuwa wa kwanza katika msafara ule wa maji. Alikaa chini akalia. Alisema hatawasema tena mbwa wale maisha yake yote, ahadi ambayo mbwa wale hawakupata siku za kuijaribu.

Bwana Mifugo alifika adhuhuri pamoja na mtendaji wa mtaa, na mgambo mwenye bunduki. Bwana Mifugo, kijana wa watu, mpole, akaeleza vizuri: mbwa waliong'atwa, kama walichanjwa, watarudiwa sindano na kufungwa wakiangaliwa. Kama hawakuchanjwa, hakuna njia. Akafungua daftari lake. Akapekua mbele, akapekua nyuma.

"Bwana Shamba, jina lako halimo."

"Nilisafiri," alisema. "Nilimwachia Fundi." Akageuza uso upande niliposimama. Bandeji ilikuwa imetolewa siku chache kabla, jicho lile jekundu bado. Alingoja.

Mtaa mzima ulikuwa pale. Imamu wangu alikuwa pale. Nikasema, "Niliwapeleka. Karani atakuwa aliruka kuandika."

Bwana Mifugo alichuchumaa, akashika mkanda wa Siulizi, akaugeuza. "Mzee, hii si yetu. Hiki kitambaa cha sketi." Mtu mmoja nyuma akacheka, halafu akaacha. Hakuna aliyenitazama, jambo ambalo ni baya kuliko kutazamwa.

Bwana Shamba aliomba jambo moja tu, awafunge mwenyewe. Akawapeleka mstari wa tatu, kila mmoja na nguzo yake kama siku ya kwanza. Akawatandikia mashati. Akaleta sahani nne za ugali na dagaa. Na yule wa nne, asiye na jina, mgambo amesimama nyuma yake hatua sita, alikula sahani nzima bila kugeuka hata mara moja.

Sikungoja kusikia bunduki. Nilisikia.

Mwezi uliofuata alihamia kwa binti yake Masasi. Kisima alikiacha bila kufuli. Wanawake walichota, mwanzoni kwa aibu. Mizabibu ilikauka mstari kwa mstari, na mimi, jirani ninayekaa nyumbani kutwa, hatua thelathini kutoka pale, ningeweza kuimwagilia. Nilisema kesho.

Mama Shamimu ndiye aliyenipandisha kwenye gari, baada ya karibu mwaka. "Usiponiletea habari za Bwana Shamba," alisema, "ulale na cherehani yako." Hiyo ndiyo Masasi ya tano.

Nilimkuta ukumbini kwa binti yake, amekaa dirishani, milima ya mawe ya Masasi nyuma yake. Macho yote mawili sasa yalikuwa yanaona. Nilitamani yasione.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Fundi. Umetoka nyumbani!" Alisema kwa Kiswahili.

Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno tangu Newala, nikayamwaga yote: Jumamosi, kamba, msikiti, sketi za chekechea. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaingiza mkono mfuko wa shati, lilelile la kaki, kola imechakaa pande zote mbili, akatoa mkanda mmoja mwekundu. Akaupitishia kidole gumba kwa ndani.

"Wa nne alikuwa na shingo nyembamba," alisema. "Ulimpima vizuri. Haukumbana."

"Ulijua lini, mzee?"

"Siku niliyorudi. Mshono wako naujua, Fundi. Nilikuwa sioni, nikashika upande wa chini."

Nikahesabu. Wiki tatu. Kigoda, kunde, mgongo wake barazani kwangu.

"Bwana Mifugo alikuwa na sindano zilizobaki tangu Jumamosi ile," nilisema, na sauti ilinitoka kali, kama mwenye haki. "Ulikuwa na namba yake. Simu moja tu. Kwa nini hukusema?"

Hakukasirika. Aliukunja ule mkanda mara mbili, akaurudisha mfukoni, akafunga kifungo.

"Nilikuwa nakungoja," alisema. "Nilikupa mgongo, nikangoja uje mwenyewe, nikawasahau wao. Hilo ni langu, nitalijibu mimi." Akatazama nje. "Nilikosea, Fundi. Nilidhani ni njia ileile. Mbwa angekuja."

Binti yake alileta chai. Mzee akanitilia sukari vijiko viwili bila kuniuliza, na nikainywa yote.